Mwongozo wa Kulisimamisha Gari Lisilotaka Kusimama

Gari likigoma kuwaka asubuhi, mwenye gari wa Handeni halali mpaka ampate fundi. Ataita vijana wa bodaboda wamsukumie, ataazima betri kwa jirani, atapiga simu hadi Tanga mjini kuulizia plagi. Gari hilohilo likigoma kusimama, dawa yake ni kichupa. Kinakaa chini ya kiti cha dereva pamoja na ndala moja, kitambaa cha kufutia kioo na risiti za mwaka juzi. Asubuhi unafungua boneti, unaongeza mafuta ya breki mpaka mstari wa juu, unafunga, unasema bismillahi, safari. Jioni mstari umeshuka. Kesho unaongeza tena.

Mwongozo huu ni kwa heshima yao: wenye Corolla, Mark II, Hilux na Land Rover zilizokwisha kula chumvi nyingi, wanaokwenda na kurudi kati ya Chanika ya Handeni na Korogwe wakiamini kwamba kazi ya gari ni kwenda, na kusimama ni majaliwa.

Kwanza tuielewe barabara. Enzi za vumbi, njia ya Handeni kwenda Korogwe ilikuja na breki zake. Kulikuwa na mashimo, mchanga, makorongo ya mvua na ng'ombe wanaopelekwa mnadani, hata hakuna aliyefikia mwendo wa kuihitaji pedali. Kisha ikaja lami, kilomita 65, na magari yakabaki yaleyale. Gari lililozoea kilomita 30 kwa saa sasa linapelekwa 100, ilhali paipu zake zina umri wa dereva. Tumebakiziwa matuta tu. Mgeni hudhani tuta ni la kupunguza mwendo wa magari vijijini, ambako sheria inataka 50. Mwenyeji anajua tuta ni kipimo: ukikanyaga mbele yake na bado ukaruka mpaka mahindi yakamwagika nyuma, wakati wa kichupa umefika.

Utambuzi wa ugonjwa unaanza na kukana. Ukiona doa la majimaji chini ya gari, sema ni maji ya kiyoyozi. Usijali kwamba kiyoyozi cha gari lako kilikufa kabla hujalinunua. Ukikosa hilo, sema ni mafuta ya gari lililoegeshwa hapo jana. Hoja hii hudumu vizuri stendi ya Korogwe, penye magari mengi. Nyumbani kwako, penye gari moja na mbuzi wanne, inahitaji moyo.

Asiyejaliwa moyo huo atandike kipande cha boksi chini ya gari usiku na asubuhi asome. Maji hukauka na hayaachi utelezi. Mafuta ya injini ni meusi. Ya difu ni mazito na yananuka vibaya hata mtu mwenye mafua hawezi kuyasingizia. Petroli inajitangaza yenyewe. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza vidoleni, hayakauki upesi, na yakizeeka yana rangi ya chai kavu iliyokolea. Yakidondokea bodi huibabua rangi, kwa hiyo ukiona rangi ya gari imetoka mabaka chini ya kikopo cha breki, usimlaumu aliyeipaka.

Halafu angalia doa liko wapi. Likiwa upande wa ndani wa tairi, shuku silinda ya gurudumu au mpira wa breki, ule unaojikunja kila unapokata kona. Likiwa chini ya miguu ya dereva, au zulia lake limelowa, masta silinda inavujia ndani. Likiwa katikati ya gari au juu ya ekseli ya nyuma, hiyo ni paipu, na ndiyo tuliyokuja kuizungumzia.

Mguu nao una ushahidi wake. Pedali inayobonyea laini na kurudi laini ina hewa ndani. Pedali inayoshika, kisha ikazama taratibu mguu ukiwa juu yake wakati huoni tone popote, ina masta silinda ambayo sili zake za ndani zimechoka. Na kuna gari ambalo mafuta yake hupungua, chini pakavu, zulia kavu, magurudumu makavu, lakini injini inatoa moshi mweupe. Huenda mafuta yanapenya sili ya nyuma ya masta silinda na kuingia kwenye ile ngoma nyeusi inayousaidia mguu, na injini inayafyonza kutoka humo. Dereva wa gari hilo husifiwa sana na majirani kwa kuwa gari lake halichafui uwanja.

Kwa haki niongeze kwamba si kila kupungua ni kuvuja. Pedi zikilika, pistoni husogea mbele na mafuta huzifuata, kwa hiyo mstari unaweza kushuka kidogo kwa miezi bila tone kupotea. Hili ndilo jambo pekee la kitaalamu ambalo kila mwenye gari bovu analijua kwa ufasaha, na analitumia kueleza upotevu wa nusu chupa kwa wiki.

Sasa ile taa nyekundu ya dashibodi. Kwenye magari mengi inawaka handibreki ikiwa juu, na inawaka pia mafuta ya breki yakishuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Handibreki imeshushwa na taa bado inakutazama. Mwongozo wa kiwanda unasema simamisha gari. Mwongozo wetu unasema ng'oa balbu. Ni kazi ya dakika tano, haihitaji spea, na giza linalofuata lina amani ya ajabu.

Tukifika kwenye matibabu, ndipo utaalamu wa mkoa wetu unapong'ara. Dawa ya kwanza ni sabuni ya mche. Sifa zake ni za kweli: tangi la petroli likitoboka, sabuni ikikandikwa kwenye tundu huzuia mpaka ufike mjini. Kutokana na ushindi huo sabuni imepandishwa cheo, ikapewa na breki. Dawa ya pili ni utepe wa tyubu ya baiskeli, uliozungushwa kwenye paipu na kufungwa kwa waya wa fensi. Ya tatu ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, inayoviringwa kwenye nati. Ya nne ni gundi ya chuma, yenye picha ya mtu mwenye misuli kwenye kasha.

Tatizo la dawa zote nne ni hesabu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 hivi, na tunajua jinsi upepo huo unavyotafuta njia ya kutoka. Ndani ya paipu ya breki, dereva akikanyaga kwa nguvu kwa sababu mtoto amekatiza na baiskeli, shinikizo hupita psi 1,000. Tangi la petroli halina shinikizo la kutajwa, na ndiyo maana sabuni ililiweza. Tyubu iliyoshindwa na msumari kwenye psi 30 inapewa kazi ya psi 1,000, na fundi anakaza waya kwa plaizi akisema, "Hapo bosi hata mwaka." Tepu nyeupe nayo haina kazi hapo hata ikivumilia, kwa sababu uzi wa nati hauzuii mafuta, kinachozuia ni mdomo wa paipu unaobanwa ukae sawasawa kwenye kiti chake. Utaviringa roli nzima na itavuja vilevile, sasa ikiwa na vipande vya tepu vinavyosafiri kuelekea silinda.

Mmarekani Malcolm Loughead alipopata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917, hesabu yake ilikuwa rahisi: kimiminika hakibonyei, kwa hiyo ukikisukuma huku kinasukuma kule kwa shinikizo lilelile, kwenye magurudumu yote. Alichohitaji ni mfumo usio na tundu. Hakuwahi kupita Mkata.

Dawa ya tano ni ya watu wazima: kuikata paipu ya gurudumu linalovuja, kuikunja ncha na kuigonga nyundo. Gurudumu moja linastaafu, matatu yanafanya kazi. Nakiri kwamba hii, tofauti na sabuni, inaweza kushika, na imewarudisha watu wengi nyumbani kutoka porini. Kasoro yake ni kwamba safari ya kurudi nyumbani huwa haiishi. Gari linaendeshwa hivyo mpaka msimu ujao wa machungwa, dereva ameshajifunza kushikilia usukani kwa nguvu kulia kila anapofunga breki kwa kuwa gari linavuta kushoto, na siku akimwazima shemeji yake, shemeji ndiye anayeingia kwenye mkonge.

Kuhusu mafuta mbadala, nitasema haraka. Ukikosa ya breki, usimimine ya injini wala ya kupikia. Mpira wa sili za breki hauyataki mafuta ya namna hiyo. Huvimba, hukwama, na utabadilisha kila kilicho na mpira kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Maji ya sabuni, ambayo nayo yana wafuasi, huotesha kutu ndani na huchemka kwa nyuzi 100. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, lakini hunywa unyevu hewani, na yakishakunywa kiwango cha kawaida cha uzee yanaweza kuchemka kwa 140. Kichupa chako cha chini ya kiti, kilichozibwa kwa gunzi la hindi, kimekuwa kikinywa tangu masika. Mteremko wa kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni mahali pazuri pa kukipima: breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unabonyea, pedali inagusa sakafu, na abiria wanagundua wote kwa pamoja kwamba wana dini.

Utauliza, kama mambo ni mabaya hivyo, mbona tunafika? Tunafika kwa sababu ya mtu tusiyemjua aliyeamua kwamba masta silinda iwe na vyumba viwili. Magari mengi ya tangu miaka ya 1970 yana njia mbili za mafuta zilizotengana, ya mbele na ya nyuma, au za mshazari. Moja ikimwaga, nyingine inabaki na nusu ya breki. Nusu hiyo ndiyo tunayoiita "breki zipo, ila unazitafuta kidogo". Land Rover nyingi za zamani zaidi zilijengwa na njia moja tu. Hizo ikitoboka paipu moja yote yamekwisha, ndiyo sababu utingo wake husafiri na gogo mapajani, mguu mmoja nje, tayari kuruka.

Ukishachoka na dawa, au utingo akishaacha kazi, nenda gereji. Gereji nzuri ina mti wa kivuli, shimo, na gari moja la serikali lisilotoka. Salimia vizuri. Fundi ataingia chini, atatoka, atafuta mikono, na atakuuliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote:

"Mzee, tupige dawa au tutengeneze?"

Usikimbilie kujibu. Jibu la kienyeji ni, "Wewe fanya nifike Segera, mengine tutaona." Kwa jibu hilo umerudi kwenye sabuni. Ukijibu "tutengeneze", jiandae kwa mshangao wake, kisha fuatilia yafuatayo, maana hapa mzaha unapumzika kidogo.

Paipu zimeoza kwa sababu. Baadhi ya magari yetu yametoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu. Yamekula chumvi kwelikweli, na kutu ilianza kabla ya meli. Sisi tumeongeza tope la Handeni, linalojishindilia nyuma ya vibanio vya paipu na kubaki na unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Tumeongeza mawe, na magunia yanayokalisha gari mpaka ekseli inagusa paipu. Kwa hiyo mwambie fundi asafishe paipu yote kwa brashi ya waya kabla ya kusema tundu liko wapi. Palipovuja leo ni pale pa kwanza tu. Kuta za paipu zikishaliwa na kutu, kuziba sehemu moja ni kuipa zamu sehemu inayofuata.

Paipu ibadilishwe nzima, nati kwa nati. Afungue kwa spana ya paipu, ile inayoikumbatia nati karibu pande zote, baada ya kuilowesha mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri. Spana ya kawaida huimung'unya nati, kisha inaletwa gripi, kisha inaletwa nyundo, kisha unaletewa bili ya mpira wa breki ambao ulikuwa mzima. Paipu mpya iwe ya chuma ya breki au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo kilekile, kwa magari mengi milimita 4.75. Fundi atakupendekezea shaba ya friji kwa kuwa inakunjika vizuri na anayo tayari imening'inia mtini. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Mwachie friji zake.

Mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake, usipanuliwe kwa bisibisi. Nati iwe imeshavishwa kabla ya mdomo kukunjwa. Nimewaona mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi wakiitazama nati iliyobaki mezani kwa ukimya mzito. Paipu ipite njia ya ile ya zamani, mbali na ekzosi, na vibanio vyote virudi. Paipu inayoning'inia inatikisika, na inayotikisika inachanika.

Kisha kutoa upepo, na hapa mzaha unarudi wenyewe, kwa sababu kazi hii inahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anakaa kwenye usukani, mmoja yuko chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua nipo ya kutolea hewa, hewa na mafuta vinatoka, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla nipo haijafungwa, hewa inanyonywa kurudi ndani na kazi inaanza upya. Kwenye gereji yetu, wa juu ni mtoto wa mama ntilie aliyekuja kudai vyombo.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshaachia!"

"Nani kakwambia uachie?"

"Umesema kanyaga, hukusema mpaka lini."

Mtoto ana hoja, na hapo ndipo hewa nyingi ya Korogwe inapoingilia. Anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari mengi yenye usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Yenye njia za mshazari yanaweza kuwa na utaratibu wao. Kikopo kisiachwe kikauke katikati ya kazi. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, hata kama yanaonekana bado yana nguvu.

Mwisho, injini ikiwa inawaka, kanyaga kwa nguvu zako zote na ushikilie kwa dakika nzima, fundi akiwa chini na tochi. Pedali isizame, na nati zote zibaki kavu. Jaribu mwendo wa polepole mahali tambarare pasipo watu. Endapo breki zitaisha ukiwa barabarani, pampu pedali harakaharaka, shusha gia moja baada ya nyingine, kwenye otomatiki weka 2 au L, na vuta handibreki kwa awamu. Handibreki za magari mengi yetu huvutwa kwa waya na hazitegemei mafuta, isipokuwa kama waya wenyewe ulishachukuliwa kufungia lango la mbuzi.

Nimeulizwa kuhusu stika. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na kubandikwa stika kwenye kioo, na wapo wanaoshikilia kwamba gari lenye stika haliwezi kuwa na breki mbovu kisheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai gari liwe na breki zinazofanya kazi. Lakini stika iko kwenye kioo cha mbele, na paipu iko juu ya ekseli ya nyuma. Havijawahi kukutana.

Gharama ikikushinda, bado una njia ya heshima: uza. Katika tangazo usitaje breki. Andika "gari ya mwalimu, haijawahi kulala gereji", jambo ambalo kwa gari lako ni la kweli kabisa. Mnunuzi akiuliza kichupa cha chini ya kiti ni cha nini, mwambie ni zawadi. Mkabidhi funguo pale stendi ya Korogwe, patambarare, na kama anaishi Soni mtafutie mnunuzi mwingine.